Mtoto wa Usonji: Je, Mzigo Wake ni wa Mama Peke Yake?

 

Katika darsa yetu ya kila Jumamosi baada ya Alasiri hapa Kitengela, desturi yetu ni kupokea masuali kwa maandishi, kwani wako watu ambao haya huwazuia kusema hadharani. Mwezi uliopita ilitufikia karatasi ya mama mmoja, imeletwa na mwanawe mkubwa. Ameandika maneno machache tu: kwamba anaye mtoto wa miaka saba ambaye madaktari wamesema ana usonji; kwamba hamlalamikii Mwenyezi Mungu kwa alichomkadiria; lakini usiku halali, na mchana hana wa kumwachia mtoto japo kwa muda wa kwenda sokoni na kurudi; naye anauliza: je, mtu akichoka na mtihani wa Mola wake, huandikiwa dhambi?

Suali hilo hatukulijibu siku ile. Jawabu iliyo karibu na ulimi wa kila mvaa kilemba ni kusema: subiri mama, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Neno hilo ni la haki, wala hapana Muislamu wa kulikanusha. Lakini sisi tulikwisha kulisema zamani, na twajua lilivyofanya. Miaka michache nyuma alitujia baba mmoja baada ya sala ya Isha, ana mtoto wa hali hiyo hiyo. Tukamsomea habari za subira, tukamuombea dua, tukapeana mikono, akaenda zake. Hatukumuuliza anakaa nyumba gani, wala ni nani anayemsaidia, wala kwa nini hatumuoni tena msikitini siku za Ijumaa. Baadaye tulipata khabari kuwa aliacha kuja kwa sababu watu walimnung'unikia kwa makelele ya mtoto wake, na kwamba amekwisha kuhama, wala hapana ajuaye alikohamia. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa maneno yetu ya usiku ule yalikuwa ya kweli, lakini yalitupumzisha sisi, hayakumpumzisha yeye.

Basi mas-ala tutakayo kuyatazama leo ni haya: mzazi aliyepewa mtoto wa namna hii, msaada anaopewa na watu ni hisani tu, akiupata hushukuru na akiukosa hana la kudai? Au ni haki yake iliyo juu yetu, ambayo tukiiacha tutaulizwa nayo Siku ya Kiyama?

Usonji ni kitu gani

Hatuwezi kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Usonji ni hali ya maumbile ya ubongo ambayo mtoto huwa nayo tangu utotoni, na aghlabu alama zake huonekana kabla ya kutimia miaka mitatu. Mtoto huchelewa kusema, au hasemi kabisa, au husema kwa kurudia maneno aliyoyasikia. Haitiki aitwapo kwa jina, ilhali masikio yake ni mazima. Huona tabu kuwafahamu watu na kufahamika nao. Hupenda mambo yaende kwa taratibu ile ile kila siku, na ikivunjwa hupatwa na fazaa kubwa. Na wengi wao sauti au mwangaza ambao sisi hatuujali huwaudhi kama mtu anayechomwa. Wala si wote sawa. Wako wasioweza kujivika nguo wakiwa watu wazima, na wako wanaosoma hadi vyuo vikuu. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kuwa mwaka 2021 katika kila watu 127 duniani mmoja alikuwa na usonji. Mji wetu wa Kitengela, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ulikuwa na watu 154,436. Ikiwa hisabu hiyo ya dunia yafaa japo kwa nusu yake huku kwetu, basi wenye hali hii katika mji huu mmoja wahesabiwa kwa mamia. Wako wapi? Jawabu ni kuwa wako ndani ya nyumba, na mama zao wako pamoja nao.

Hali hii haiambukizi, wala haina dawa ya kumeza ikaondoka. Lakini mafunzo yakianza mapema humfaa mtoto sana, na hii ndiyo sababu kila mwaka unaopita katika kuficha huwa ni khasara ambayo hairudi.

Makosa matatu

Kosa la kwanza ni kusema kuwa mtoto huyu ni wa jini au wa uchawi. Watafiti waliowauliza wazazi na wataalamu katika pwani yetu ya Kenya, na kutoa khabari zao mwaka 2015, waliona kuwa watu wengi huitaja sababu hiyo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Wala hatukatazi kumsomea mgonjwa aya za Mwenyezi Mungu, kwani hilo limethubutu katika Sunna. Tunalokanusha ni mtu kujidai kuwa ayajua ya ghaibu, akamwambia mama kuwa jirani yake ndiye aliyemroga mwanawe, akamtoza maelfu ya shilingi, akampiga mtoto au kumfukiza moshi hata akakaribia kukata roho. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, hazikubaliwi sala zake za siku arubaini. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Basi kumpeleka mtoto kwa daktari ni kufuata amri, si upungufu wa imani.

Kosa la pili ni kusema kuwa mtoto huyu ni adhabu ya dhambi za wazazi wake, na khasa mama. Neno hili ni zito, na lapingana na asili kubwa ya dini yetu, kwani Qur'ani imekariri mahali pengi kuwa hapana nafsi ichukuayo mzigo wa nafsi nyingine. Vipi Mola aliye Mwadilifu amuadhibu mtoto mchanga kwa dhambi ya mtu mwingine? Wala tusidhani kuwa ujinga huu ni wa Waafrika peke yao. Leo Kanner, daktari wa Marekani aliyeieleza hali hii mwaka 1943 kwa khabari za watoto 11, alitaja ubaridi wa wazazi. Na baada yake wakatokea wenye kutangaza kuwa usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago alikieneza kisa hicho kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Kina mama wa Ulaya na Marekani wakabeba mizigo miwili, wa mtoto na wa tuhuma. Aliyesimama kuivunja tuhuma hiyo ni Bernard Rimland, mwana ilimu ya nafsi ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu akaonyesha kwa hoja kuwa asili ya jambo hili ni katika maumbile ya mwili, si katika mapenzi ya mama. Utafiti uliofuata umemsadikisha, na leo yajulikana kuwa sehemu kubwa ya sababu zake hutokana na urithi wa damu.

Kosa la tatu ni jipya, nalo ni kusema kuwa usonji waletwa na chanjo ya surua. Daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika hivyo mwaka 1998. Maandishi yake yakaonekana kuwa na udanganyifu, na jarida la Lancet lililoyatoa likayafuta mwaka 2010. Huko Denmark walitazamwa watoto zaidi ya 650,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji. Mwenye kuzuia chanjo kwa kuogopa usonji hamkingi mtoto na usonji, bali amwacha wazi kwa surua, nayo huua.

Mzigo huu ni wa nani

Sasa turudi kwenye mas-ala yetu. Atasema msemaji: mtoto ni wa baba yake, na sharia imemlazimisha baba kumlisha na kumvika, basi jirani au jamaa wa msikiti yamuhusu nini?

Twasema: ni kweli kuwa wa kwanza ni baba. Nafaka ya mtoto ni faradhi juu yake, wala haiondoki kwa kumwacha mkewe. Twataja hili makusudi, kwani wako wanaume ambao wakiambiwa na daktari kuwa mtoto ana usonji, huanza kwa kumlaumu mke, kisha huoa kwengine, kisha hawaonekani. Mtu wa namna hii anakula haki ya mtoto asiyeweza hata kusema kuwa amedhulumiwa, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia, hata kama ulimi wake hausemi.

Lakini wajibu wa baba na mama una mpaka, nao ni uwezo. Mwenyezi Mungu ametubainishia mwisho wa Suratul Baqara kuwa haikalifishi nafsi ila kadiri ya iwezavyo. Basi ikiwa mtoto ana haja ya kuangaliwa saa ishirini na nne, na mama ni mwanadamu mmoja mwenye kulala na kuugua, na baba yuko kiwandani Athi River kutoka alfajiri hata Magharibi, liko fungu la haja ya mtoto ambalo liko nje ya uwezo wa wazazi wote wawili. Fungu hilo limeondoka juu yao kwa nassi ya Qur'ani. Je, limeondoka pia duniani, likawa si wajibu wa mtu yeyote? Hilo haliwezekani, kwani haja ya mtoto ingali papo hapo. Basi halina budi kuwa juu ya wengine.

Na wanavyuoni wetu wametuwekea mlango wa jambo hili, nao ni mlango wa faradhi ya kifaya. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho hapana mwanafunzi wa madhehebu ya Shafi asiyekijua, amehesabu katika faradhi za kifaya kuwaondolea Waislamu madhara, kama vile kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha. Hakuliweka jambo hili katika mlango wa sadaka za khiari, ambazo mtu akipenda hutoa na asipopenda huacha. Ameliweka pamoja na kuosha maiti na kumzika.

Hapa watu wengi hukosea. Husikia kuwa faradhi ya kifaya wakiifanya baadhi huwaondokea waliobaki, wakadhani kuwa maadamu mama yuafanya, sisi tumesamehewa. Nao hawakulitazama neno lenyewe. Kifaya maana yake ni utoshelevu. Faradhi hii haiondoki kwa kuwa mtu ameianza. Huondoka kwa kuwa jambo limetoshelezwa. Tuseme mtu amekufa hapa mjini, na mmoja wetu akaenda peke yake kumchimbia kaburi, akafika nusu, nguvu zikamwishia, akaketi ukingoni na jembe mkononi. Je, yafaa sisi tuliosimama pembeni kusema: faradhi imetuondokea, kwani fulani yuachimba? Hapana asemaye hivyo. Tena tukimwambia huyo aliyechoka, subiri ndugu yetu, utapata thawabu nyingi, nasi mikono yetu tumeikunja nyuma, kila mwenye akili ataona kuwa tumemdhihaki.

Mama aliyetuandikia karatasi ndiye huyo aliyeketi ukingoni. Yeye amefanya fungu lake na zaidi. Wenye deni ni sisi.

Juu ya subira

Hatusemi haya ili kuishusha daraja ya subira. Lakini subira ni amali ya mwenye kupatwa na msiba, si kitu ambacho asiyepatwa humkabidhi mwenziwe ili aondoke. Wala subira si kutochoka. Nabii Ayubu alimlalamikia Mola wake kuwa yamempata madhara, na pamoja na hayo Mwenyezi Mungu akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Nabii Yaakub alilia kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakawa meupe. Na Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, wala ulimi hausemi ila la kumridhi Mola. Basi ikiwa Mitume wamelia, ni nani atakayemwandikia dhambi mama wa Kitengela kwa kuwa amechoka?

Juu ya misikiti na madrasa

Liko jambo ambalo latuhusu sisi tulioshika misikiti na vyuo kuliko watu wengine. Huletwa Hadithi iliyo katika Ibn Majah yenye kuamrisha kuwa watoto na wenye wazimu wawekwe mbali na misikiti, na kwayo wazazi hawa hufukuzwa. Hadithi hiyo wanavyuoni wa Hadithi wameieleza kuwa ni dhaifu, na tujuavyo Hadithi dhaifu haisimamishi hukumu. Mkabala wake ziko zilizo sahihi. Mtume (S.A.W.) alisali na watu naye amembeba Umama, binti wa mwanawe Zainabu. Alikuwa akisikia mtoto analia nyuma, hufupisha sala kwa kumhurumia mama yake, wala haikupokewa kuwa alimwambia mama huyo asije tena. Na bedui mmoja alipokojoa msikitini, Masahaba wakainuka kumkemea, aliwakataza wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Basi mtoto ambaye kalamu haimwandikii ana haki zaidi ya upole huo. Mzazi achukue tahadhari ya najisi kadiri awezavyo, na wanaosali wachukue tahadhari ya ndimi zao.

Na Muslim amepokea kwa Anas kuwa mwanamke mmoja ambaye akili yake ilikuwa na kitu alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Hakumpa mtu mwingine amsikilize, wala hakumwambia arudi kesho. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo katika njia za mji, akafuatana naye hata alipomaliza haja yake. Mkuu wa dola na Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa na nafasi kwa mwanamke huyu. Je, mwalimu wa chuo mwenye wanafunzi thalathini hana nafasi ya mmoja anayejifunza kwa taratibu yake? Hatutaki ahifadhi juzuu. Akijua kuketi na wenziwe, na kusikia Fatiha ikisomwa kila siku kwa sauti ile ile, amepata fungu lake la dini, na mama yake amepata saa mbili za kupumzika.

Tena tuwatazame wenyeji wetu wa nchi hii ya Kajiado. Aud Talle, mwana ilimu wa Norway aliyekaa na Wamasai wa Kenya, aliandika mwaka 1995 kuwa kwao mtoto mwenye ulemavu huhesabiwa kuwa ni mtoto kama watoto wengine, na hulelewa pamoja nao. Ni aibu kwetu sisi tuliosomeshwa Suratu Abasa, ambayo Mtume mwenyewe aliteremshiwa kwa ajili ya kipofu, kuwa nyuma katika jambo hili.

La kufanya

Mji wetu ni mji wa wageni. Huyu ametoka Mombasa, huyu Garissa, huyu Isiolo, huyu amehama Nairobi kwa ughali wa kodi. Shangazi na nyanya waliokuwa wakimpokea mama mtoto wamebaki huko nyuma. Mlangoni amebaki jirani tu. Na Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Jibrili alimuusia sana juu ya jirani hata akadhani kuwa atampa fungu katika urithi. Hapa Kitengela wasia huo wafahamika vizuri zaidi kuliko katika miji ya ukoo mmoja.

Kwanza, wazazi wenyewe wajuane. Kote duniani jambo hili limeanzwa na wazazi: London walianzisha chama chao mwaka 1962, na hapa Kenya chama cha Autism Society of Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003. Mzazi akikutana na mzazi mwenziwe hujua kuwa si yeye peke yake, na hujifunza kwake mambo ambayo sisi masheikh hatuyajui. Shirika la Afya Ulimwenguni limetengeneza mafunzo ya walezi, mikutano tisa na kuzuriwa nyumbani mara tatu, ambayo mtu asiyekuwa daktari aweza kufundishwa kuyaendesha. Hapana kinachozuia mikutano hiyo kufanywa katika ukumbi wa msikiti, na mlango uwe wazi kwa jirani asiyekuwa Muislamu, kwani utafiti uliofanywa pwani na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa tabu za wazazi hawa, yaani kudharauliwa na watu, gharama na kukosa matibabu yafaayo, ni zile zile kwa watu wa kila dini.

Pili, tuwasaidie kupata haki zao za serikali, kwani haki isiyojulikana ni kama haipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53 na cha 54, imempa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo, na imempa mwenye ulemavu heshima na njia ya kufikia masomo. Viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto ili wapangiwe masomo, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na kipo chuo cha KISE huko Kasarani, Nairobi, tangu mwaka 1986, ambacho hufundisha walimu wa elimu maalumu na hupima watoto. Liko Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo humwandikisha mtoto baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali, na humpa kadi. Kwa wenye ulemavu mkubwa walio katika umasikini, iko fedha ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni haki. Kutoka hapa hadi Kajiado mjini si karibu, na mama hawezi kupanda matatu na mtoto anayeogopa makelele, akashika foleni, akaambiwa karatasi moja imepungua, akarudi kesho yake. Kijana mmoja mwenye kusoma akifuatana naye, au akatangulia kuulizia ni karatasi gani zatakiwa, amefanya ibada.

Tatu, zaka. Aya ya sitini ya Suratut Tawba imewataja mafakiri na masikini. Mtu ambaye mshahara wake watosha chakula lakini hautoshi nauli na ada ya kumfundisha mtoto kusema, ni masikini kwa maana ya wanavyuoni, kwani masikini ni yule ambaye alicho nacho hakimtoshi. Basi asione haya kupokea, wala kamati isione haya kumpa.

Nne, ambalo ni rakhisi kuliko yote na ndilo gumu kuliko yote, ni wakati. Kina mama wanne wa mtaa mmoja wakigawana siku, kila mmoja akakaa na mtoto saa mbili kwa juma, baada ya kufundishwa na mama yake anachokipenda na kinachomtisha, mama huyo atapata saa nane. Katika saa nane hulala, huoga, huenda kwa daktari wake mwenyewe, na huketi na watoto wake wengine, ambao nao wana haki na aghlabu husahauliwa.

Atasema msemaji: haya ni mambo ya nchi tajiri. Twasema kuwa wanahistoria wa Kiislamu wametaja kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, huko Damascus, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, aliwapa viwete watumishi wa kuwahudumia na vipofu watu wa kuwaongoza, akawakatia riziki ili wasiombe. Hakungoja sayansi. Na sisi hatuombwi hazina ya Bani Umayya. Twaombwa saa mbili.

Jawabu ya suali

Basi mama yetu uliyeandika, jawabu yako ni hii. Kuchoka si dhambi. Kulia si dhambi. Kuomba msaada si dhambi, wala si kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Ni kuwadai waja wake haki iliyo juu yao. Ulilokalifishwa ni lile uliwezalo, na hilo umelifanya, na kwa Mola wako halipotei. Ama lile usiloweza, si dhambi yako. Ni dhambi yetu, mpaka tulitimize.

Darsa yetu imekubaliana kuwa kila Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi hata Adhuhuri, chumba cha madrasa kitafunguliwa kwa watoto hawa na wazazi wao, na kina mama sita wamekwisha kuandika majina yao kuwa watashika zamu. Sisi tumeomba tuwe miongoni mwa watakaofundishwa namna ya kuketi nao, kwani hatujui. Mama, mlete mwanao. Na yule baba tuliyempa mkono usiku ule tukamwacha aende zake, ikiwa maneno haya yatamfikia huko aliko, twamuomba radhi, na twamuomba arudi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.